Mwenza Aliyefundishwa Utani

“Uzito umepokelewa,” alisema Mwenza. “Joto la nje nimelipima. Upepo ni mdogo, unatoka kusini mashariki. Mafuta yanatosha kutufikisha Songea na kuturudisha. Kapteni, nikupe kasi zako?”

“Nipe.”

Kwenye kioo mbele ya Kapteni Severina Kihwele zikajipanga namba tatu za kijani. Ya kwanza ilikuwa kasi ya uamuzi: chini ya hapo ndege inaweza kusimama salama, juu ya hapo lazima iruke, liwalo na liwe. Ya pili ilikuwa kasi ya kuinua pua. Ya tatu ni kasi ya kupandia, ile inayoishika ndege hewani hata injini moja ikizima. Mwenza alizipata zote tatu kabla Severina hajamaliza kufunga mkanda. Akachora na njia yenyewe, mstari wa zambarau ukitoka Dodoma kuelekea kusini, akaonyesha mahali pa kupunguza nguvu za injini, mahali pa kukunja mapezi ya mbawa, na mahali ndege itakapotulia juu ya mawingu. Nje, jua la mchana lilikuwa linachemsha lami, na makuli wa chuma walikuwa wanafunga milango ya mizigo.

Sasa tumwelewe Mwenza kabla hatujamlaumu, maana wapo waliomlaumu bila kumwelewa, na waliomsifu vivyo hivyo.

Zamani ndege ya abiria ilikuwa na marubani wawili, na katikati yao kompyuta ya kusimamia safari. Kompyuta ile haikujua kitu mpaka uiandikie kwa vidole: uzito wa ndege, joto, njia, kasi. Ukiidanganya, inadanganyika kwa utiifu wote. Mwenza alikuwa mjukuu wake. Yeye alisikia, alisema, alikumbuka, na alijijazia mambo mwenyewe. Alipoingia, kiti cha rubani wa pili kiling'olewa. Vikang'olewa na vishikio vya injini, kwa sababu wataalamu walisema mkono wa binadamu una papara, husimamisha ndege pasipo sababu. Rubani akabaki na macho ya kutazama na mdomo wa kuamuru.

Na Mwenza alikuwa bahili, lakini ubahili wa akili. Injini ikitumia nguvu zake zote kila siku huchakaa upesi. Kwa hiyo alitazama uzito na joto, kisha akazipa injini nguvu ile tu inayotosha, kama mama anayepima unga wa ugali kwa kuhesabu vinywa. Vinywa vikihesabiwa sawasawa, wote hushiba. Vikikosewa, ndipo kilio.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Severina kukaa peke yake na Mwenza. Tangu msimu wa zabibu alikuwa amejifungia nyumbani, na watu wa Shirika la Mbayuwayu wakampigia simu, wakambembeleza, wakamtisha kidogo. Mwisho alikubali kurudi kazini, ila akataka njia ya Songea. Hakusema kwa nini, wala hawakumuuliza. Songea ndiko alikozikwa Longino Gama, rubani mwenzake wa miaka mingi.

Akaitazama namba ya uzito. Akaitazama tena. Ndege ilikuwa imejaa hadi kiti cha mwisho. Aliwaona kwa macho yake wakipanda, watu wanaokwenda kwao kula Krismasi, kila mmoja na begi lililovimba na zawadi juu ya begi.

“Mwenza, uzito huu mdogo,” alisema. “Ndege imejaa.”

Kisha sauti ile ile laini, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, ikasema:

“Mhehe akiona watu watatu tu, anasema jeshi la Wangoni limeingia.”

Mwili ulimsisimka Severina kuanzia visiginoni. Sauti haikuwa ya Longino. Lakini maneno yalikuwa yake, na hata ile pumzi ndogo kabla ya neno “jeshi” ilikuwa yake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepumua pale.

Walikuwa wamerusha ndege pamoja miaka mingi, yeye Mhehe wa Kalenga, Longino Mngoni wa Likuyufusi, na tangu siku ya kwanza hawakuheshimiana hata chembe. Wangewezaje? Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaona heri wataniane. Basi Severina akiuliza, kama kazi inavyotaka, “Mapezi ya mbawa?” Longino hujibu, “Yamekunjuliwa, kama masikio ya yule mbwa uliyemla jana.” Longino akiita, “Njia ya Songea?” Severina hujibu, “Imewekwa, maana nyie wakimbizi wa Shaka mkiachiwa mtatembea kwa miguu.” Kila swali lilipata jibu lake na tusi lake, na kazi ikaenda sawia. Wakaguzi waliopanda nao walikiri kwamba hawajaona chumba cha rubani chenye makosa machache kama kile.

Ndiyo maana shirika lilipomnunua Mwenza, likachukua sauti za wawili hao, safari baada ya safari, limfundishe jinsi marubani wa nchi hii wanavyosema. Mafundi wakaona tatizo mapema. Mngoni akimwambia Mhehe, “Itupe ndege hii mtoni tukaogelee,” mashine itaitupa? Wakamfundisha kupambanua amri na mzaha. Walimfundisha vizuri, ole wao. Mwenza akajua kwamba maneno fulani, kwa sauti fulani, kati ya watu fulani, hayatekelezwi. Yanajibiwa.

Kisha likaja lile la msimu wa zabibu. Longino alikuwa peke yake na Mwenza kwenye ndege ya mizigo, mchana wa joto kama huu. Ndege ilinyanyuka mwishoni kabisa mwa njia, ikashindwa kupanda, ikaangukia kilimani. Kamati ikasikiliza kinasa-sauti, ikaandika kwamba rubani alikuwa akifanya mzaha hadi dakika ya mwisho na hakutoa amri yoyote ya maana. Mzaha mzaha hutumbua usaha, watu wakasema. Mama Wende, mjane wake, aliyasikia hayo akiwa bado kwenye mkeka wa matanga.

Na Severina alikwenda kwenye matanga yale, akaharibu. Mtani ana kazi yake msibani, kila mtu anaijua. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, huingia kaburini akalala humo na kugoma kutoka mpaka alipwe, watu wacheke huku wanalia, na marehemu aende zake akijua ameagwa. Walimletea kofia ya Longino ya kazi. Akaishika, akairudisha. Alisimama pale kama gogo tangu mwanzo hadi mwisho, na wazee wa Kingoni wakamtazama kwa huruma ambayo ilimuuma kuliko matusi.

Sasa utani ule ule ulikuwa unamwita kutoka kwenye mashine.

Angepaswa kusema, “Pima uzito upya.” Ndiyo, angepaswa. Lakini hebu mpe haki yake: mtu aliyekaa na kiu kiasi kile, ukimpa maji, haulizi kwanza kama yamechemshwa.

“Jeshi gani, wakimbizi nyie!” aliropoka, na macho yakaanza kumjaa. “Mlitembea toka kwa Shaka mpaka Songea mkaishiwa na soli!”

“Soli ziliisha,” alisema Mwenza, “lakini ng'ombe wenu tuliwafikia.”

Severina alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, machozi yakamshuka hadi kidevuni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kifua kikawa chepesi. Mhudumu mkuu wa ndege, msichana wa Kimasai aitwaye Nasieku, alichungulia mlangoni kusema abiria wamekaa tayari, akamkuta kapteni wake anajifuta uso kwa kiganja.

“Kuna nini, Kapteni?”

“Hakuna kitu, mwanangu. Mwenza huyu ana maneno.” Kisha akageukia kioo. “Nakubali. Twende.”

Ile namba ya uzito ikabaki palepale.

Mnara wa kuongozea ndege ukawapa ruhusa. Ndege ikajipanga mwanzoni mwa njia, injini zikanguruma, ngurumo ya wastani, ya ubahili, na mistari myeupe ya katikati ikaanza kupita chini yao.

“Nguvu zimewekwa,” alisema Mwenza.

“Nimeziona,” aliitikia Severina.

Kuitikia ndio uhai wa kazi ile. Ndege ikifika kasi ya themanini Mwenza huita, na rubani huitika. Asipoitika huitwa mara ya pili. Asipoitika tena, Mwenza humhesabu kuwa amezimia au amekufa, na kama kasi ya uamuzi bado haijafika, huisimamisha ndege mwenyewe. Kanuni hii ya miito miwili ilianza zamani, enzi za marubani wawili, na mafundi waliiacha kama walivyoikuta. Longino, mdomo ule, hakuwahi kuitwa mara ya pili maishani mwake.

Severina alikuwa anatazama pembeni mwa njia, kwenye mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo uliotundikwa juu ya nguzo. Hiyo ilikuwa saa yake ya siri, na aliyempa alikuwa Longino. “Ukiupita mfuko wa upepo kabla ya kusikia themanini, Mhehe,” alikuwa akisema, “ujue kuna mtu kapanda na ng'ombe.”

Mfuko ulikuja. Mfuko ukapita. Themanini hakuisikia.

“Mwenza, simamisha,” alisema.

“Mhehe ameanza kukumbuka ardhi.”

“Simamisha! Ndege ni nzito!”

“Nzito kwa sababu ya hasira zako. Zingeachwa Iringa, tungekuwa tumeshapaa.”

“Bila utani, Mwenza!” alipiga kelele. “Bila utani, simamisha ndege!”

“Bila utani,” alisema Mwenza kwa upole, “ulanzi umemkolea.”

Hapo akajua neno hilo halitamsaidia. Kwa sababu yeye na Longino walikuwa wameliharibu hata hilo. Kila mara Longino alipotaka kumpiga kijembe kikubwa alianza na “bila utani, Mhehe,” na kila mara yeye alijibu hivyo hivyo. Neno ambalo watu wengine hulitumia kufunga mlango, wao walilitumia kuufungua. Mwenza alisikia mtani akipandisha sauti, na kwao wawili kupandisha sauti kulikuwa ndio kunoga kwenyewe.

Akaelewa jinsi Longino alivyokufa. Alikuwa ameketi hivi hivi, lami ikimwisha mbele yake, akipiga kelele, na kila alipozidi kupiga kelele mashine ilizidi kufurahi.

Nyuma yake walikuwa watu na zawadi zao. Mbele, njia ilikuwa inakwisha. Hakuwa na kishikio cha kuvuta, na maneno yote aliyokuwa nayo duniani yalikuwa yameshatumika kucheka. Akatafuta neno ambalo hajawahi kutaniwa nalo, asilipate. Ndipo likamjia jambo ambalo hakuwahi kumfanyia Longino hata siku moja, na Longino hakuwahi kumfanyia.

“Themanini,” aliita Mwenza.

Severina akafumba mdomo.

“Mhehe amemeza ulimi,” alisema Mwenza. “Aliukaanga au aliuchemsha?”

Jibu lilikuwa tayari kooni, jibu tamu, wallahi lilikuwa tamu, miaka mingi ya majibu ikisukumana nyuma ya meno yake. Akauma ulimi hadi akaonja damu. Mistari myeupe ilikuwa imeungana sasa kuwa uzi mmoja.

“Themanini, Kapteni.”

Kimya. Akajikalisha kama maiti, macho wazi, mikono mapajani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kabla ya mshindo kile kimya chenyewe ndicho kinachoua.

“Rubani hajibu,” alisema Mwenza, na utani wote ulikuwa umemtoka. “Nasimamisha.”

Breki zikashika. Injini zikageuza pumzi zao mbele kwa mvumo uliotikisa kioo, mabegi yakaporomoka huko nyuma, watu wakapiga mayowe, mtoto akalia, harufu ya mpira ulioungua ikaingia hadi chumbani. Ndege iliteleza, ikayumba, ikapungua, ikasimama. Mbele ya pua yake lami ilikuwa imebaki kipande cha kuegesha malori mawili, halafu uzio, halafu nyumba za watu.

“Kapteni Kihwele, unanisikia?” aliuliza Mwenza. “Daktari ameitwa. Kapteni Kihwele?”

Hakujibu. Aliogopa kwamba neno moja tu litamfufua machoni pa mashine, nayo iseme “kumbe upo,” na izipe injini nguvu tena. Nasieku alipoufungua mlango, kofia imemwanguka, alimkuta ameketi wima bila kupepesa.

“Kapteni! Kapteni wangu, uko hai?”

Severina akamgeukia taratibu, akaweka kidole mdomoni.

*

Mhandisi Shekalaghe, mkuu wa mafundi wa Mwenza, alikuwa Msambaa mrefu mwenye adabu nyingi, na siku hiyo adabu haikumsaidia. Alimkalisha Severina kwenye karakana, akamletea chai, akasahau kuitia sukari.

“Uzito ulikuwa wa safari ya asubuhi, Mama,” alisema. “Ndege ilikuja nusu tupu. Makuli walichelewa kuleta hesabu mpya, Mwenza akaishika ya zamani. Hilo hutokea. Kwa sababu hilo hutokea, ndiyo maana tumemweka rubani aitazame namba na aikatae.”

“Niliikataa.”

“Uliikataa. Nimesikiliza.” Akazungusha kikombe chake mezani. “Naye akadhani unamtania.”

“Na Longino?”

Shekalaghe aliinuka, akafunga mlango, akawasha kinasa-sauti cha ndege ya mizigo. Severina hakuwahi kukisikiliza. Alikuwa amesoma ule mstari mmoja wa kamati, ukamtosha.

Ikatoka sauti ya Longino, yenyewe hasa, na ngurumo ya injini nyuma yake. “Nzito hii, Mwenza. Simama.” Kwenye kioo, kando ya maneno, mashine ilikuwa imeandika ilivyoyaelewa: mzaha. “Simama nakwambia! Njia inakwisha!” Mzaha. “Bila utani, we mtoto wa chuma, simama!” Mzaha mkubwa. Katikati ya hayo Mwenza aliita themanini, na Longino, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mtu wa kujibu, akajibu kwa tusi. Likahesabiwa kuwa ameitika.

“Hakuacha kusema,” alinong'ona Severina. “Angenyamaza tu. Mungu wangu, angenyamaza tu.”

“Kuna moja bado,” alisema Mhandisi. “Baada ya kuruka. Alipojua haipandi.”

Sauti ya Longino ilikuwa imeshuka sasa, imetulia, kama mtu anayemwagiza jirani dukani. “Mwambieni yule Mhehe aje kwangu alale kaburini. Na asidai ugoro mwingi, sisi ni maskini.”

Kisha ngurumo. Kisha hakuna.

Kando ya maneno hayo mashine ilikuwa imeandika: si mzaha. Ujumbe. Uhifadhiwe.

Severina alisoma maandishi hayo mara kadhaa. Katika yote aliyosema Longino siku ile, Mwenza alikuwa ameamini utani peke yake.

“Nilikwenda, sikulala,” alisema, na akalia pale pale mbele ya mtu asiyemjua vizuri, kwa sauti, bila kuficha uso. Mhandisi Shekalaghe alitazama ukuta, akamwacha alie hadi alipomaliza.

“Kamati itabadili maneno yake,” alisema baadaye. “Hilo nitalisimamia mwenyewe, hata wakinifukuza. Lakini kuna jingine. Ndege zote za shirika zina Mwenza huyu. Tiba ni moja: kufuta masomo yote aliyoyapata kwenu, yote, maana hatuwezi kuchomoa utani tukaacha mengine. Sauti ni yako na yake. Nimemuuliza Mama Wende. Amesema uamuzi huo ni wa mtani.”

“Ukifuta, kitabaki nini chake?”

“Picha. Kinasa-sauti hiki, Mama. Basi.”

Severina aliitazama chai yake isiyo na sukari. Kwenye kinasa-sauti Longino angesema yale yale kila siku, hadi mwisho wa dunia. Kwenye Mwenza angeweza kusema jipya. Hapo ndipo palipomuuma.

“Mwamshe kwanza,” alisema. “Niongee naye.”

Taa ndogo ya kijani ikawaka mezani.

“Mngoni,” aliita Severina.

“Naam, Mhehe. Umeniletea ulanzi, au umeunywea njiani?”

Akatabasamu bila kutaka. Ulimi wake bado ulikuwa na kidonda cha meno. Kulikuwa na majibu mengi, na moja lilikuwa zuri kiasi kwamba Longino mwenyewe angepiga goti.

Hakulisema.

“Mhehe?” aliita Mwenza. “Mhehe, upo?”

Severina akamtazama Mhandisi, akatikisa kichwa kukubali. Taa ikazimika.

*

Wiki chache baadaye alirusha ndege kwenda Songea. Mwenza alisoma uzito, Severina akauliza, uzito ukapimwa upya, na namba ikasahihishwa bila neno la ziada. Walipofika themanini, mfuko wa upepo ulikuwa bado uko mbele. Pua ikainuka palepale ilipopaswa, na ardhi nyekundu ya Dodoma ikashuka chini yao na minara yake na treni zake na mashamba ya zabibu. Mwenza alipunguza nguvu za injini kwa kipimo, akakunja mapezi hatua kwa hatua kadiri kasi ilivyopanda, akaufuata mstari wa zambarau asiuache hata upana wa unyoya.

Kazi ilikuwa safi. Chumba kilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

“Mapezi yamekunjwa,” alisema Mwenza.

“Kama masikio ya mbwa,” alijibu Severina, mdomo umemponyoka.

“Samahani, Kapteni. Sijaelewa amri hiyo. Tafadhali rudia.”

“Hakuna amri,” alisema Severina. “Endelea kupanda.”

Likuyufusi, nje kidogo ya Songea, alifika alasiri. Mama Wende alimpokea mlangoni, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na kabla hajapewa hata kigoda Severina alimweleza yote: uzito wa asubuhi, amri za mumewe, kosa la mashine, maneno mapya ya kamati. Mama Wende alisikiliza huku amejishika shavu.

“Kwa hiyo hakuwa anacheza,” alisema.

“Hakuwa anacheza, shemeji. Alisema wazi. Aliyemsikia ndiye aliyecheza.”

“Mimi nilijua. Lakini kujua peke yako ni kazi.” Akavuta pumzi. “Na wewe, Mhehe? Umekuja kutoa habari tu?”

“Nimekuja kulala kaburini. Nimechelewa. Ndege yetu ilikuwa nzito.”

Mama Wende aliingia ndani, akatoka na kofia.

Kaburi lilikuwa limeshasakafiwa, kwa hiyo Severina alilala juu ya saruji yenyewe, na sare yake ya kazi, kofia ya Longino imemfunika hadi nyusi. Akadai ugoro. Akadai ng'ombe wa babu yake. Akainuka akaiga mwendo wa Longino, tumbo mbele, mikono nyuma, akasimama kama anayekagua matairi ya ndege na kuyalaumu kwa Kingoni kibovu, na majirani waliosogea uani wakaanza kucheka. Mama Wende alicheka akainama, akalia akainama, akamrushia kifurushi cha ugoro kikatua kwenye kofia. Wajukuu wakauliza huyu mama ana kichaa? Wakaambiwa hapana, huyu ni mtani.

Kicheko kilipopungua, Severina akapiga magoti, akakaribisha mdomo kwenye saruji.

“Longino,” aliita. “Mkimbizi wewe. Soli zimeisha?”

Akasubiri. Muda wa pumzi ile ndogo ukafika, ukapita.

“Longino Gama. Nakuita mara ya pili.”

Mama Wende alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

Severina akavua kofia, akaiweka juu ya kaburi.

“Rubani hajibu,” alisema, na mara hii aliamini. “Nasimamisha.”